Namna ya Kusoma Mwelekeo wa Gemu ya Mtandaoni kwa Kutazama Umri wa Wachezaji na Matumizi Yao ya Pesa

Mwongozo huu unawahusu vijana wa Lamu wanaocheza kwa vikundi, wenye vibanda vya gemu vya Langoni na Mkomani, pamoja na wazazi ambao kila mara huombwa watume pesa kwa M-Pesa ili mtoto anunue almasi au sarafu za ndani ya gemu, au pasi ya msimu, yaani tiketi inayomfungulia mchezaji vitu kadiri anavyocheza. Wote hao huingia katika gemu wakitazama picha zake, ramani zake na idadi ya marafiki waliokwisha kuingia, na baada ya miezi kadhaa hushangaa kuiona gemu ile ile imegeuka: silaha zilizokuwa zikipatikana kwa jasho sasa zinauzwa, mashindano yamepunguzwa, mavazi ya katuni yamejaa kila mahali, au masharti ya mazungumzo yamekazwa hata mtu hawezi kumsalimu mwenziwe. Mabadiliko hayo yana chanzo kinachoweza kutazamwa. Kampuni huiongoza gemu kumfuata anayelipa, na namna mtu anavyolipa hutegemea sana umri wake. Anayejua kuyatazama mambo haya mawili kwa pamoja anaweza kukadiria, kabla hajatia muda na fedha zake, gemu hiyo itakuwa na sura gani mwaka ujao.

Mtafute kwanza anayelipa

Gemu za mtandaoni huingiza fedha kwa njia chache zinazojulikana. Zipo zinazotoza ada ya kila mwezi, kama zilivyoanza EVE Online ya mwaka 2003 na World of Warcraft ya mwaka 2004, ambamo kila mchezaji hulipa kiasi kinachokaribiana na cha mwenzake. Zipo zinazofunguliwa bure kisha zikauza vitu ndani yake, kama Fortnite na Free Fire, zote za mwaka 2017, na eFootball, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, ambayo tangu mwaka 2021 hupakuliwa bila malipo. Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo inayoamua sauti ya nani itasikika. Penye ada, wachezaji elfu moja wakiondoka, ada elfu moja zimeondoka nao, hivyo kampuni hulazimika kuwaridhisha wengi. Penye bure, sehemu kubwa ya wachezaji hawatoi hata senti, wachache hutoa kidogo, na wachache zaidi, ambao wenye biashara hii huwaita nyangumi, hutoa fedha nyingi kiasi cha kubeba gharama za wengine wote.

Mwenye duka la Langoni hujaza rafu zake kwa kumtazama mteja anayerudi kila siku na pesa mkononi, wala hawasumbukii wapita njia wanaouliza bei na kwenda zao. Kampuni ya gemu hufanya hivyo hivyo, ila yenyewe huona zaidi ya muuza duka: huona saa aliyoingia mteja, kitu alichokitazama akakiacha, siku aliyoshindwa mara nyingi mfululizo, na bei iliyomfanya akubali hatimaye. Kwa hiyo swali la kuanzia, unapoitazama gemu yoyote, liwe hili: ni nani hasa anayeilisha, na anailisha kwa kununua kitu gani?

Isidhaniwe kwamba asiyelipa hana thamani yoyote. Vazi la dhahabu halina maana mahali pasipo na wa kuliona, na aliyenunua nguvu anahitaji mtu wa kumshinda. Gemu ya bure huwahitaji wasiolipa wawe watazamaji, wapinzani na wenza wa timu, na hii ni sababu mojawapo ya kampuni ya Garena kuitengeneza Free Fire iweze kwenda hata katika simu za bei nafuu ambazo gemu nzito hazifunguki. Vijana wetu wengi wamo katika kundi hili, na ni vyema walijue bila kuona haya, kwa sababu ndilo jambo linaloeleza kwa nini gemu huwamiminia zawadi za kuingia kila siku ilhali silaha waliyoilalamikia kwa mwaka mzima haiguswi. Zawadi huwaweka pale wanapohitajika, bali mabadiliko makubwa hufanywa kwa ajili ya mwingine.

Kadiria umri wa wachezaji bila kuwauliza

Kumuuliza mchezaji umri wake hakufai kitu. Mtoto wa miaka 11 huandika mwaka wa kuzaliwa unaomfungulia mlango, na kampuni zenyewe zinalijua hilo. Lililo bora ni kuchukua daftari na kuandika dalili kwa muda wa wiki mbili au tatu, kwani dalili moja hupotosha lakini zikikusanyika hutoa picha inayoaminika.

Dalili iliyo rahisi kuliko zote ni saa. Ukikaa katika kibanda cha gemu cha Langoni wakati wa alasiri, utawaona watoto waliotoka madrasa, kofia zimekunjwa mfukoni, wanne au watano wamezunguka kioo kimoja, mmoja anacheza na waliobaki wanaelekeza kwa sauti. Kila mmoja ana sarafu zake za dakika chache, na hakuna anayefungua ukurasa wa duka la gemu isipokuwa kutazama tu na kutamani. Ukirudi baada ya isha utakuta watu wengine kabisa. Ni vijana wa boti na wa hoteli za Shela, kila mmoja na simu yake na bando lake, hawapigi kelele, na pasi mpya ya msimu ikitoka huinunua wakiwa wamesimama mlangoni, kabla hata ya kuketi. Gemu ni ile ile, lakini zamu ya alasiri na zamu ya usiku huitaka mambo mawili tofauti. Ramadhani huvuruga ratiba hii, kwani wote hukutana baada ya tarawehe hadi karibu na daku, hivyo mwezi huo usiutumie kupimia.

Kutoka hapo tazama gemu yenyewe kwa upana wake, maana seva, yaani kompyuta kuu za kampuni, tunazounganishwa nazo mara nyingi hukusanya wachezaji wa Mashariki ya Kati, Afrika na Ulaya pamoja, na kampuni haipangi mambo kwa kututazama sisi wa kisiwani peke yetu. Matukio makubwa ya gemu yakiangukia likizo za shule, na zawadi nono zikatolewa miezi hiyo, kampuni inawategemea wanafunzi. Mazungumzo ya wachezaji yakiwa yamebanwa kwa maneno yaliyoandaliwa, na majina ya wachezaji yakichujwa kwa ukali, jua kwamba watoto ni wengi au kampuni inawatarajia. Tazama pia sura zinazoletwa kutoka nje ya gemu. Gemu inayoshirikiana na katuni za sasa inazungumza na watoto, na ile inayowarudisha watu wa zamani inazungumza na watu wazima. eFootball huuza kadi za Paolo Maldini na David Beckham wakiwa katika ujana wao, na mtoto wa miaka 12 hajawahi kumwona yeyote kati yao uwanjani. Kadi hizo huwavuta hasa watu waliokuwa wakitazama mpira miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao leo wana mishahara.

Kampuni zinazouza hisa kwa umma hutoa taarifa za fedha ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Roblox, kampuni yenye jukwaa la michezo ya mtandaoni la jina hilo, iliyoingia katika soko la hisa la New York mwezi Machi 2021, imekuwa ikieleza katika taarifa zake wachezaji walio chini ya miaka 13 na walio juu yake, na imesema mara nyingi kwamba kundi la miaka 17 hadi 24 linakua kwa kasi. Anayesoma maneno hayo hapaswi kushangaa kwamba mwaka 2021 ilianzisha mazungumzo ya sauti kwa waliothibitisha umri wao, au kwamba mwaka 2023 ilifungua michezo ya watu wa miaka 17 na zaidi. Watoto wake wa zamani wanakua, na kampuni inataka wakue ndani ya nyumba yake badala ya kuhamia kwingine. Hii ni dalili ya kuandikwa kwa herufi kubwa: gemu iliyoanza na watoto hufika mahali pa kuchagua ama kukua pamoja nao ama kuwapokea wadogo wapya, na kila uchaguzi una gharama yake.

Umri unavyobadilisha mfuko

Mtoto ana muda mwingi, ila fedha anazotumia ni za mtu mwingine. Kwetu hapa fedha hizo huja hasa siku za Idi, anapozunguka kwa wajomba na mashangazi na kurudi nyumbani na noti alizopewa, au pale mzazi anapokubali baada ya kuombwa siku tatu. Kwa hiyo gemu inayowategemea watoto huuza vitu vya bei ndogo vinavyoonekana papo hapo na marafiki: vazi, dansi, rangi ya silaha, mnyama wa kumfuata. Mtoto hanunui ili ashinde. Hununua ili asiwe yeye peke yake darasani aliyebaki na umbo la bure, na kampuni inalifahamu jambo hilo vizuri. Ndiyo sababu gemu za namna hii hubadilisha mavazi haraka kuliko zinavyorekebisha kasoro za ramani.

Kijana wa miaka 16 hadi 24 yuko katika hali ngumu zaidi, na mimi naona yeye ndiye anayestahili kusaidiwa kuliko wote. Ana muda na ana ustadi, lakini kipato chake huja na kuondoka. Anayefanya kazi katika boti za watalii hupata mwezi wa Disemba na kukauka mwezi wa Mei, wakati baadhi ya hoteli zinapofungwa. Mvuvi hukaa nchi kavu siku nyingi wakati wa upepo wa kusi. Kijana huyu hupenda pasi ya msimu kwa sababu humlipa kwa saa alizocheza: hutoa kiasi kidogo mara moja, kisha hujipatia vitu kwa juhudi zake. Hupenda mashindano, hupenda ngazi, hupenda kujulikana kwa uwezo wake. Gemu inayowaegemea vijana wa namna hii hutunza usawa, kwa sababu ikiuza nguvu tu, wao ndio wa kwanza kukasirika na kuondoka, na wanapoondoka huondoka na kikosi kizima. Shida ni kwamba fedha zao hazina uthabiti, na kampuni inapobanwa huacha kuwasikiliza ikaenda kwa mwenye mshahara.

Mtu mzima ana fedha na hana muda. Ana kazi, ana watoto, na hupata saa moja usiku wenzake wakiwa wamelala. Yeye hununua muda wenyewe: njia ya mkato, rasilimali zilizokwisha kukusanywa, mhusika aliyekwisha kupandishwa ngazi. Anapokuwa ndiye mlipaji mkuu, gemu hurefushwa makusudi ili mkato uwe na thamani. Kazi iliyokuwa ikimalizika kwa siku mbili hufanywa ichukue wiki mbili, halafu kando yake huwekwa kitufe cha kulipia. Kijana asiye na fedha ndiye anayebaki kuzitumikia wiki hizo mbili.

Hata hivyo mtu mzima huleta pia jambo jema, nalo ni uaminifu kwa gemu aliyoipenda akiwa mdogo. RuneScape ya kampuni ya Jagex ya Cambridge ilianza mwaka 2001 ikichezwa kwa wingi na wanafunzi. Mwaka 2012 iliongeza gurudumu la bahati lililouzwa kwa fedha, kisha ikabadilisha kabisa mfumo wa mapigano, na wachezaji wengi wa zamani wakavunjika moyo. Mwezi Februari 2013 kampuni iliwaita wapige kura kama wanataka toleo la mwaka 2007 lirudishwe, wakapiga kwa mamia ya maelfu, na Old School RuneScape ikafunguliwa mwezi huo huo. Tangu hapo mabadiliko makubwa ya toleo hilo hupelekwa kwenye kura ya wachezaji, na pendekezo lilihitaji asilimia 75 ili lipite, kiwango ambacho baadaye kilishushwa hadi asilimia 70. Hili liliwezekana kwa sababu waliokuwa watoto mwaka 2007 walikuwa sasa na uwezo wa kulipa ada wao wenyewe, na ada ilipokuwa ndiyo msingi wa mapato, kura zao zilikuwa na uzito. Kabla hujaiga matumaini hayo katika gemu unayoicheza, jiulize kama wewe na wenzako mnailipia ada, au mnatazamwa tu wakati wengine wakinunua.

Soma duka la gemu kama unavyosoma mkataba

Fungua ukurasa wa mauzo, uutazame taratibu bila nia ya kununua. Mara nyingi vitu vya juu kabisa vina saa inayohesabu kurudi nyuma, ikikuonya kwamba vitaondoka baada ya saa chache. Bei haikuandikwa kwa shilingi. Imeandikwa kwa sarafu ya gemu, na sarafu hiyo huuzwa kwa vifurushi ambavyo mara nyingi havilingani na bei ya kitu chenyewe, hivyo mnunuzi hulazimika kuchukua kifurushi kikubwa na kubaki na salio lisilotosha kununua kitu kingine, salio linalomrudisha dukani wiki inayofuata. Fanya hesabu kwa mkono: gawanya shilingi ulizotakiwa kutoa kwa idadi ya sarafu, kisha zidisha kwa bei ya kitu, na uiandike shilingi kamili katika daftari. Vijana wengi huacha kununua pale tu wanapoiona bei hiyo imeandikwa kwa lugha ya soko.

Hatua inayofuata ni kuvitenganisha vitu vya sura na vitu vya nguvu. Ukiona karibu kila kinachouzwa ni mavazi na dansi, gemu inaishi kwa kuonekana, na usawa wa mchezo una nafasi ya kudumu. Ukiona silaha zenye sifa bora zinauzwa, hata kama tofauti ni ndogo, andika tarehe, kwa sababu tofauti hiyo haipungui. Kila msimu humhitaji mlipaji apate kitu kinachokishinda kile alichokinunua msimu uliopita. Ukiona masanduku ya bahati, yaani malipo ambayo mtu hajui atapata nini, tafuta jedwali la uwezekano. Tangu mwezi Disemba 2017 Apple inazitaka programu za duka lake zionyeshe uwezekano wa kupata kila aina ya kitu kabla mtu hajanunua, na Google ikaweka sharti kama hilo baadaye. Jedwali hilo mara nyingi limefichwa nyuma ya alama ndogo ya kuuliza. Uwezekano wa asilimia 1 una maana kwamba, ukijaribu mara 100, bado kuna nafasi ya zaidi ya theluthi moja ya kutopata chochote ulichokikusudia, isipokuwa gemu iwe imeweka kikomo cha kukuhakikishia. Kwa mtu anayeishi katika jamii inayoona kamari kuwa haramu, jambo hili linastahili kutazamwa kwa uzito, na wazazi wana haki ya kulisema waziwazi.

Gemu inapougeukia mfuko wa wachache, mara nyingi ishara huonekana katika bei moja tu isiyo ya kawaida. Mwezi Juni 2011 kampuni ya CCP ya Iceland, yenye EVE Online, iliweka dukani miwani ya jicho moja ya kumvisha mhusika, kwa bei iliyokaribia dola 70 za Marekani. Wachezaji wa EVE wakati huo kwa kawaida walikuwa watu wazima waliolipa ada kwa miaka, na hawakukasirishwa na miwani tu. Walihofia kwamba baada ya sura itauzwa nguvu. Wakakusanyika kwa wingi katika kituo kikuu cha biashara ndani ya gemu na kulifyatulia risasi sanamu, na wengi wakafuta usajili wao. Kampuni ililialika baraza la wachezaji, ambalo huchaguliwa kwa kura tangu mwaka 2008, lije Iceland, na mwezi Oktoba mkuu wa kampuni akaomba radhi kwa maandishi. Wachezaji hao walisikilizwa kwa sababu tatu zilizokutana: walikuwa walipa ada, walikuwa na umri wa kujipanga, na walikuwa na chombo cha kuwasemea. Ukiikosa mojawapo, malalamiko huwa mazito lakini hayafiki mbali.

Weka sheria katika hesabu zako

Umri huingia katika gemu kwa mlango mwingine pia, nao ni wa serikali, na mara nyingi serikali za mbali ndizo zinazobadilisha gemu tunayoicheza Lamu. Mwezi Aprili 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitangaza kwamba masanduku ya bahati katika baadhi ya gemu, FIFA 18 ikiwemo, yanavunja sheria ya kamari, na mapema mwaka 2019 EA, kampuni yenye gemu hiyo ya mpira, iliacha kuuza nchini humo pointi za FIFA zinazonunulia masanduku hayo. China ilianza mwaka 2019 kuweka kikomo cha fedha: walio chini ya miaka 8 hawaruhusiwi kulipa, wa miaka 8 hadi 16 wasizidishe yuani 200 kwa mwezi, na wa miaka 16 hadi 18 wasizidishe yuani 400. Mwaka 2021 ikawawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Gemu ya Kichina iliyofungiwa mifuko ya watoto wa kwao haina budi kuwatafuta watu wazima, au kutafuta soko nje.

Marekani nayo, mwezi Disemba 2022, ilifikia makubaliano na Epic Games, wenye Fortnite, ya dola milioni 520: milioni 275 kwa kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 kinyume cha sheria, na milioni 245 za kuwarudishia walionunua bila kukusudia kwa sababu ya vitufe vilivyopangwa kuwachanganya. Katika kipindi hicho Epic ilileta akaunti za watoto zenye mipaka hadi mzazi aidhinishe. Mwezi Januari 2025 ikawa zamu ya Genshin Impact, kwa dola milioni 20 na sharti la kutowauzia masanduku ya bahati walio chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mzazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Unaposikia habari ya uamuzi wa aina hii, usiipite. Angalia kama gemu yako ina kampuni ile ile au duka la namna ile ile, kwa sababu mabadiliko hufuata baada ya miezi michache.

Kata shauri, na ulinde mfuko

Daftari likishajaa, kaeni kama kikundi mjibu maswali manne kwa maandishi. Nani anailisha gemu hii? Ana umri gani kwa kadirio letu? Hununua sura, muda, bahati au nguvu? Na sisi tuna nafasi gani mbele yake? Gemu inayolishwa na vijana wanaonunua pasi na mavazi inafaa kuanzishiwa kikosi na mashindano ya mtaani, kwa sababu ustadi wa mtoto wa Mkomani utakuwa na thamani mwakani kama ulivyo na thamani leo. Gemu inayolishwa na watu wazima wanaonunua muda inafaa kuchezwa kwa starehe, bila kuahidiana ubingwa. Gemu inayouza nguvu kwa bahati ningeiacha, na ningemshauri mwenye kibanda asiitangaze mbele ya watoto.

Kwa fedha, kikundi kiweke kiwango cha msimu mzima kabla ya msimu kuanza, kwa kuzingatia miezi ya kazi na miezi mikavu, na pasi inunuliwe katikati ya msimu baada ya kuona kama kweli mtu anacheza vya kutosha kuimaliza. Mzazi asimpe mtoto namba ya siri ya M-Pesa kwa hali yoyote, na katika simu anayoitumia mtoto awashe kipengele cha kuomba idhini kwa kila ununuzi katika duka la programu. Programu ya Family Link ya Google humwezesha kufanya hivyo akiwa na simu yake mwenyewe. Mwenye kibanda naye asikubali kumnunulia mtoto sarafu kwa simu yake kisha kupokea fedha taslimu, hata kama anamfahamu babake, kwani hapo mzazi hukosa nafasi ya kujua.

Kama mna jambo la kuiambia kampuni, liandikeni kwa namna inayowagusa walipaji. Barua inayosema gemu imeharibika haiendi popote. Ile inayosema kwamba kikosi cha watu 30, ambao hukutana kila Ijumaa usiku na kununua pasi kwa pamoja, kitahama msimu ujao kwa sababu ya silaha fulani, ina hesabu ndani yake ambayo mtu wa kampuni anaweza kuipeleka kwa mkubwa wake. Tumieni dodoso za ndani ya gemu zinapotokea, na mtaje umri wenu wa kweli, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yanayotumika kukadiria ni nani aliyemo.

Daftari lenyewe lisifungwe. Kila msimu mpya unapoanza, kabla ya kuitazama ramani mpya, fungueni ukurasa wa mauzo na mlinganishe na ule wa msimu uliopita: kipi kimepanda bei, kipi kimehama kutoka kwenye zawadi kikaingia kwenye malipo, na kitu cha kwanza kabisa juu ya ukurasa kimewekewa nani.